Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za bweni: pipa la makombo linaanzia stoo

Kwa: Wakuu wa Shule za Sekondari za Bweni, Wenyeviti na Wajumbe wa Bodi za Shule, na Maofisa Elimu wa Mikoa na Wilaya, Tanzania Bara.

YAH: CHAKULA KINACHOMWAGWA MABWALONI NA SABABU ZINAZOWAFANYA WANAFUNZI WAKIMWAGE

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni walimu wa chakula na lishe, matroni, watunza stoo na wapishi wa shule za bweni. Yaliyomo humu tulishayasema vikaoni na kuyaandika kwenye taarifa za zamu. Jibu limekuwa lile lile: watoto wa siku hizi hawana adabu ya chakula, waonywe paredi. Wameonywa, na mapipa ya nyuma ya jiko yanaendelea kujaa. Ndiyo sababu tunaandika hadharani, ili na wazazi wanaochangia mahindi na maharage wasome.

Kwa ujuzi wetu wa jikoni, mwanafunzi anayemwaga nusu ya ugali wake kila siku amefundishwa kumwaga. Amefundishwa na kipimo kisichomfaa, maharage magumu, foleni ndefu na kengele inayolia angali anatafuta pa kukaa. Kidato cha kwanza wengi wanafika wakiwa na heshima ya chakula waliyolelewa nayo nyumbani, na wiki chache tu zinatosha kuwafanya walingane na waliowatangulia. Kinachobadilika katika wiki hizo ni mazingira ya mlo, na mazingira hayo yako mikononi mwenu.

Jambo hili halikomei getini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, yaani asilimia 19 ya chakula kilichowafikia walaji, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani. Shule ya bweni ni nyumba ya mtoto kwa sehemu kubwa ya mwaka, miaka minne au sita. Mazoea ya bwaloni ndiyo atakayohamia nayo kwake.

Hoja zetu ni hizi:

1. Chakula kinapikwa kwa idadi ya daftari.

Mtunza stoo hutoa unga kwa idadi iliyoandikwa mwanzo wa muhula. Chukulia shule ya wanafunzi 640 na kipimo cha gramu 250 za unga kwa kila mmoja kwa mlo. Hizo ni kilo 160. Siku ambayo wanafunzi 50 wako ruhusa, zahanati au kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kilo 12.5 za unga zinasongwa bila mlaji. Unga ukishanywa maji huzidi uzito wake kama mara mbili na nusu, kwa hiyo zaidi ya kilo 30 za ugali zinabaki sufuriani kabla mtu hajashika sahani.

Hapo mwanafunzi hana kosa, ila analiona. Anaona ugali mzima, haujaguswa, ukimiminwa pipani kila jioni. Baada ya hapo hotuba ya kuheshimu chakula itamwingiaje? Shule nyingi hazina jokofu la kuhifadhi kilichobaki, na wali au maharage yaliyolala sufuriani usiku kucha kwenye joto ni hatari kwa matumbo ya mamia ya watoto. Kwa hiyo ziada haina pa kwenda, na kinga yake ni hesabu tu. Viranja wa mabweni wanahesabu wenzao kila asubuhi. Idadi hiyo ifike stoo kabla ya saa 2, unga na maharage vipimwe kwa mizani kwa idadi hiyo, na mpishi asaini alichopokea. Kupima kwa debe au kwa jicho kuachwe.

2. Kipimo kimoja kwa kila tumbo.

Msichana wa miaka 13 na mvulana wa miaka 19 anayetoka uwanjani wanapewa donge lile lile, linalokatwa kwa bakuli moja. Mmoja anabakiza theluthi, mwingine anaondoka na njaa. Tunaomba vipimo viwili, kidogo na kikubwa, mwanafunzi aseme anachotaka afikapo mbele ya sufuria, na ruhusa ya kuongezewa.

Hii ruhusa ya kuongezewa ndiyo penye ugumu. Mwanafunzi huomba kidogo kama ana hakika kwamba akirudi atapata. Akirudi mara moja akaambiwa chakula kimekwisha, kesho atajaza sahani, na keshokutwa rafiki zake wote watajaza. Kinachomsukuma ni hofu ya kukosa, na maonyo hayaiondoi. Kwa hiyo sehemu moja ya kumi ya chakula itengwe kwenye sufuria ya pembeni yenye kifuniko, isiguswe mpaka wa mwisho kwenye foleni awe amepakuliwa, kisha kengele ndogo igongwe wanaotaka warudi. Ifanyike hivyo kila siku bila kuruka, na mtawaona wakianza kuomba kidogo wenyewe.

3. Chakula chenyewe.

Hapa tutasema kwa kirefu, maana vikao huwa vinapita haraka.

Maharage. Yanayoletwa na wazabuni mara nyingi ni ya misimu iliyopita. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye stoo yenye joto na unyevu hukomaa kiasi kwamba hata yakichemka kwa saa nne, ganda linabaki gumu. Mpishi anaongeza magadi yalainike, magadi yanaharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Zaidi ya hapo kuna fukusi. Mwanafunzi akimkuta mdudu kwenye sahani mara moja, atachokoachokoa kila punje kwa muhula mzima, na atakachokitilia shaka atakiacha. Yatengwe na kuchambuliwa mchana, yalowekwe usiku kucha katika maji mara tatu ya ujazo wake, maji hayo yamwagwe, yachemshwe kwa moto mkali walau nusu saa kisha moto upunguzwe. Nyanya ziingie baada ya maharage kuiva, kwa sababu uchachu wake huyazuia kulainika. Kuloweka pekee kunaokoa gesi na kuni kwa kiasi ambacho mhasibu wa shule atakiona.

Unga. Dona ni bora kwa lishe na tunaitetea. Lakini kiini cha mahindi kina mafuta, na dona iliyosagwa ikakaa majuma kadhaa kwenye stoo ya bati huwa chungu. Wanafunzi wanasema dona ni chakula cha adhabu kwa sababu dona waliyoionja ni ile iliyochina. Sageni ya wiki moja kwa mara moja, mahindi yabaki mazima kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja, mbali na ukuta, na kila mfuko uandikwe tarehe ili wa zamani utoke kwanza.

Ugali mbichi. Unatokea pale kilo nyingi mno zinapolazimishwa kwenye sufuria moja. Mpishi mwenye mwiko wa urefu wa mtu hawezi kugeuza unga ulioko katikati, kwa hiyo anamimina haraka, madonge makavu yanabaki ndani, nje panaonekana pameiva. Kilo 25 hadi 30 za unga kwa sufuria moja zinatosha. Uanzwe na uji wa sehemu moja ya tano ya unga, uchemke dakika kumi, unga uliobaki uingie kidogo kidogo watu wawili wakisonga, kisha ufunikwe kwa moto mdogo dakika kumi na tano na kugeuzwa.

Harufu ya kuungua. Tangu shule zianze kuhama kutoka kwenye kuni, kama Serikali ilivyoagiza na kama unavyotaka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, majiko ya gesi yamefungwa chini ya sufuria zile zile nyepesi za zamani. Moto wa gesi unapiga katikati, kitako kinaungua, ukoko unakuwa wa unene wa kidole na harufu inaenea sufuria nzima. Sufuria za kitako kinene zinunuliwe pamoja na majiko, na moto ushushwe kabla ya unga wa mwisho kuingia. Hatupingi gesi hata kidogo, mapafu ya wapishi yanaihitaji.

Na tuseme jambo la usalama. Si kila kinachokataliwa ni uharibifu. Mahindi yaliyoota ukungu hayapaswi kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Mwanafunzi anayesema unga una harufu ya ukungu asikilizwe na unga ukaguliwe, asilazimishwe kumaliza sahani. Wala mahindi hayo wasipewe ng'ombe, kwa kuwa sumu hutokea kwenye maziwa.

4. Muda na foleni.

Piga hesabu ya bwalo lenu. Wanafunzi 640, foleni mbili, sekunde 8 kwa kila anayepakuliwa: wa mwisho anapata chakula baada ya karibu dakika 43. Kama mapumziko ya mchana ni saa moja, amebakiwa na dakika 17 za kukaa, kula, kupanga foleni nyingine ya bomba na kuosha sahani kabla maji hayajakatika. Ndiyo maana makombo mengi yako karibu na bomba. Foleni zikiwa nne, wa mwisho anapakuliwa ndani ya dakika 22. Kinachohitajika ni meza mbili, pawa mbili na wanafunzi wa zamu wanne.

Watafiti wa Harvard walipima masalio kwenye sinia za wanafunzi wa Massachusetts, Marekani. Waliopata chini ya dakika 20 za kukaa na kula walikula asilimia 13 pungufu ya chakula kikuu na asilimia 12 pungufu ya mboga, wakilinganishwa na waliopata walau dakika 25. Wale ni watoto wanaorudi nyumbani jioni. Wetu hawarudi.

Uji wa saa 4 una shida yake. Unatoka kwenye pipa la lita 100 ungali unatokota, mapumziko ni dakika 20, na pipa kubwa halipoi. Mtoto anapuliza, anaungua ulimi, kengele inalia, anamwaga. Uji uishe kupikwa saa 3 na nusu, ugawanywe kwenye ndoo za lita 20 zenye vifuniko, na utafikia midomo ukiwa wa kunyweka.

5. Rika, tranka na kantini.

Vijana wanakula kwa kutazamana. Kwenye meza ambayo wakubwa wanasukuma sahani mbali baada ya matonge mawili, mdogo atasukuma yake hata kama ana njaa, kwa sababu kumaliza kumeanza kuonekana kama ishara ya shida nyumbani. Wenye tranka zilizojaa biskuti na karanga ndio wanaoweka kipimo cha heshima, na wasio nazo wanaigiza. Kukaa kwa mchanganyiko wa vidato, kila meza ikiwa na kiranja anayekula na kumaliza, kunavunja jambo hilo taratibu. Wachagueni viranja wa bwalo kwa kuangalia wanavyokula wao, msiangalie sauti zao.

Kantini inayouza maandazi na soda hadi dakika tano kabla ya mlo inamaliza njaa ambayo jiko limepikia. Ifungwe saa moja kabla ya chakula cha mchana na cha jioni. Tunajua kantini ni pato la shule, lakini shule inakusanya kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine.

Na walimu. Mwalimu wa zamu anayesimama mlangoni na kukagua sahani, kisha akaenda kula wali kuku ofisini, amewaambia wanafunzi thamani ya chakula chao bila kufungua mdomo. Tunawaomba ninyi wakuu wa shule mle bwaloni, sahani ile ile, kutoka sufuria ile ile, walau mara mbili kwa wiki na bila kutangaza siku. Katika yote yaliyomo kwenye barua hii, hili ndilo rahisi zaidi, na tunaamini ndilo litakaloyafungulia mengine njia.

6. Adhabu.

Kupigisha magoti, kulazimisha kula, kunyima mlo unaofuata. Tunaomba vikome. Mwanafunzi aliyeadhibiwa kwa kubakiza hubakiza tena, ila safari hii anaficha: ugali kwenye mfuko wa sketi, maharage kwenye mtaro, wali chooni. Mitaro inaziba, panya wanaongezeka, na ninyi mnaambiwa makombo yamepungua kwa sababu hayaonekani tena pipani.

Neno jema fupi lina kazi yake. Katika utafiti uliochapishwa 2013, Chuo Kikuu cha Kansas State kiliweka ujumbe mfupi wa kuhimiza kwenye bwalo la wanafunzi 540, na makombo yalipungua kwa asilimia 15. Walipoongeza takwimu za kiasi kinachotupwa, hawakupata punguzo la ziada. Funzo tunalolipata humo ni kwamba kijana akishajua, kumrundikia maelezo hakumsogezi. Kilichobaki ni kumpa uwezo wa kutenda. Bango la "Chukua unachomaliza, rudi uongezewe" lina maana mahali ambapo kuchukua kidogo na kurudi kunawezekana. Penginepo ni rangi ukutani.

Tunajua majibu yatakayokuja.

Mtasema fedha hakuna. Fanyeni hesabu hii: mkipima na kukuta wastani wa gramu 80 za ugali unaomwagwa kwa kila mlaji kati ya wale 640, hizo ni kilo 51 kwa mlo, sawa na karibu kilo 20 za unga. Kwa siku tano mmemwaga gunia zima la kilo 100, kwa mlo mmoja tu wa siku. Sufuria na meza zitalipwa na gunia hilo.

Mtasema makombo hayapotei, yanalisha nguruwe wa shule. Nguruwe hukua kwa pumba na mashudu, ambavyo bei yake haifikii ya unga na maharage. Tena mabaki yenye nyama ya nguruwe yasipochemshwa upya yanaweza kuleta homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina tiba na inamaliza banda zima. Nguruwe wapewe maganda na ukoko. Chakula cha mtoto kibaki cha mtoto.

Mtasema watazoea. Ni kweli wamezoea, na walichozoea ni kumwaga.

TUNAYOOMBA

Kwanza, pimeni. Wiki mbili za mwanzo wa muhula ujao, kila mlo, ndoo tatu za rangi tofauti: moja ya kilichobaki sufuriani, moja ya makombo ya sahani, moja ya maganda na ukoko. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 inatosha. Toeni uzito wa ndoo tupu, gawanyeni kwa idadi ya waliokula, andikeni gramu kwa kila mlaji. Ndoo ya sufuriani ikizidi, kosa liko kwenye hesabu ya stoo. Ya sahani ikizidi siku zote, tazameni kipimo na muda. Ikizidi siku za maharage pekee, fungueni gunia la maharage. Ndoo zisimamiwe na wanafunzi wenyewe na mtu asitajwe jina. Mkianza kuandika nani kabakiza nini, watarudi kuficha na vipimo vitakuwa vya uongo.

Pili, vipimo viwili na sufuria ya kuongezea vianze siku ile ile upimaji wa wiki mbili unapokwisha. Endeleeni kupima siku moja kila wiki mpate kulinganisha.

Tatu, foleni nne, na dakika 25 kamili za kukaa kwa mwanafunzi wa mwisho. Ratiba ya vipindi irekebishwe ifuate hilo.

Nne, mkataba wa mzabuni utaje msimu wa mavuno ya maharage, na kabla ya kupokea, kilo moja kutoka kila shehena ilowekwe na kupikwa. Isiyoiva kwa saa mbili irudishwe na gari lililoileta.

Tano, kamati ya chakula yenye mpishi, matroni, mtunza stoo, mzazi mmoja na wanafunzi wanne, nusu yao wasichana kwa shule za mchanganyiko, ipewe nafasi ya kudumu kwenye ajenda ya bodi. Mpishi aruhusiwe kusema humo. Leo analaumiwa kwa kila sahani na hakuna kikao kinachomuuliza.

Sita, maofisa elimu, mkija kukagua shule, anzieni nyuma ya jiko kabla hamjakaribishwa ofisini, na mwombe kuona daftari la gramu.

Tarehe 29 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Upotevu na Utupaji wa Chakula, iliyoanza kuadhimishwa 2020. Tunaomba siku hiyo kila shule ibandike kwenye mlango wa bwalo namba mbili: gramu za makombo kwa kila mlaji mlipoanza kupima, na gramu za wiki hiyo. Hizo namba tutazipokea kama jibu lenu kwa barua hii.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu wa chakula na lishe, matroni, watunza stoo na wapishi wa shule za bweni

Nakala: Wazazi na walezi; Serikali za wanafunzi